Kijana Aliyekataa Kulala

Sogeeni karibu, wanangu, na walio nyuma waje mbele wasikie. Leo sina sungura wala fisi. Nina habari ya kweli ya kijana wa miaka 17 aliyeitwa Randy Gardner, mwanafunzi wa sekondari katika mji wa San Diego, jimbo la California, kule Marekani. Mwishoni mwa mwaka 1963 yeye na rafiki yake Bruce McAllister walikuwa wakijiandaa kwa maonyesho ya sayansi, na walitaka kupeleka jambo ambalo mwanafunzi mwingine asingethubutu. Walikuwa wamesikia kwamba mtangazaji mmoja wa redio huko Honolulu aliwahi kukaa macho saa 260 mfululizo. Wakaambiana, huyo tutampita. Wakarusha sarafu ili ijulikane nani atakesha na nani atamwangalia na kuandika. Kura ikamwangukia Randy.

Akaanza tarehe 28 Desemba. Mwanzo ulikuwa mwepesi, maana ilikuwa likizo na kijana ana nguvu zake. Siku ya pili macho yakaanza kumtaabisha. Hakuweza kuyatuliza mahali pamoja, hata kutazama televisheni kukamshinda. Siku ya tatu akawa mkali kwa kila neno, tumbo likimchafuka, na yale maneno ya kutatiza ulimi ambayo watoto hupenda kushindana nayo yakawa hayatamkiki kinywani mwake. Siku ya nne aliona kibao cha barabarani akadhani ni mtu amesimama. Kisha akajiona yeye ni mchezaji mashuhuri wa mpira wa Kimarekani, na jambo hilo akaliamini kabisa.

Hebu fikirini. Kijana huyo hakuwa na homa. Hakunywa pombe, hakumeza dawa yoyote ya kumlevya. Alichokikosa ni usingizi tu.

Habari zake zikaandikwa gazetini, na Daktari William Dement, mtafiti wa usingizi kutoka Chuo Kikuu cha Stanford, alipozisoma akafunga safari kwenda kumwona. Daktari mwingine wa jeshi la majini, John Ross, naye akawa anampima. Mchana ulikuwa na nafuu. Usiku ndio uliokuwa vita: wenzake walimtoa nje, wakamchezesha mpira wa kikapu, wakamzungusha mjini kwa gari, na akifumba macho tu wanamtikisa. Ilipofika siku ya mwisho, ya 11, walimwambia ahesabu kurudi nyuma kutoka 100, akitoa saba kila mara. Akaanza vizuri: 93, 86, 79, 72, 65. Hapo akanyamaza. Wakangoja. Walipomuuliza mbona ameacha, akajibu kwamba amesahau alikuwa anafanya nini.

Alifikisha saa 264 bila kulala. Baada ya hapo akalala hospitalini saa zaidi ya 14, akaamka anajitambua, na watu wakasema, kumbe kijana yuko salama. Lakini miaka mingi baadaye usingizi ulimkimbia kwa miaka kadhaa. Alisimulia redioni kwamba alikuwa akijilaza na usingizi hauji, na kwamba mwenyewe anahisi analipia zile siku za ujana. Kama kweli ni hivyo, hakuna awezaye kuthibitisha. Kinachojulikana ni kwamba kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness kiliacha kupokea mashindano ya kukesha, kwa kuwa ni hatari.

Nimeanza na Randy kwa sababu najua mnayoyafanya mitihani ikikaribia. Najua habari ya beseni la maji baridi chini ya meza, miguu imo ndani ili usingizi usikuchukue. Najua kahawa chungu ya kukoroga kwenye kikombe cha plastiki, na tochi chini ya shuka baada ya taa za bweni kuzimwa. Na najua sifa anazopewa anayekesha, na jina la mvivu analopewa anayelala mapema. Jina hilo si la haki, na nitawaeleza kwa nini.

Ndani ya kichwa chako mna ubongo wenye uzito wa kilo moja na theluthi hivi kwa mtu mzima. Ni sehemu ndogo sana ya mwili, kama asilimia 2 tu ya uzito wake, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nguvu yote inayotumiwa na mwili ukiwa umetulia. Una seli za neva zipatazo bilioni 86, na kila moja inazungumza na maelfu ya nyingine. Zamani hata wataalamu wengi waliamini kwamba mtu akilala, ubongo nao hupumzika tu, kana kwamba umezimwa.

Aliyesaidia kuivunja imani hiyo ni mtoto. Mwaka 1951, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Chicago aliyeitwa Eugene Aserinsky alimlaza mwanawe Armond, mwenye miaka 8, ndani ya maabara, akambandika nyaya kichwani na pembeni mwa macho. Mtoto akalala fofofo. Baada ya muda mashine ikaanza kuchora mistari ya kasi. Baba akadhani mwanawe ameamka, akaenda kumchungulia. Armond alikuwa amelala, kope zimefumba, na chini ya kope macho yanakimbia huku na huku! Mistari ya ubongo wake ilifanana na ya mtu aliye macho. Mwaka 1953 Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman wakaitangaza habari hiyo, na tangu hapo tunajua kwamba usiku ubongo una shughuli zake.

Shughuli hizo huenda kwa zamu. Kwanza usingizi mwepesi, halafu ule mzito ambao hata ukiitwa jina huitiki, kisha ule wa macho kukimbia, ambamo ndoto nyingi huotwa. Zamu hizo zote huchukua kama saa moja na nusu, halafu huanza upya, mara nne au tano hadi kunakucha. Usingizi mzito hujaa zaidi mwanzoni mwa usiku, na katika saa hizo mwili wa mtoto hutoa kwa wingi homoni ya kukuza. Usingizi wa ndoto hujaa kuelekea alfajiri. Kwa hiyo anayechelewa kulala na anayeamshwa mapema mno wote hukatwa, kila mmoja upande wake.

Sasa nisikilizeni kwa makini, hasa nyinyi wa kidato cha nne. Ndani kabisa ya ubongo, kila upande, kuna sehemu ndogo iliyojikunja iitwayo hipokampasi. Unayosoma leo hupita hapo kwanza. Mchana kutwa sehemu hiyo inapokea tu: sura, majina, tarehe, kanuni za hesabu, maneno ya ugomvi wa shuleni. Ni mfano wa mwenye duka ambaye mchana kutwa anapokea mizigo na kuhudumia wateja, na ni mpaka afunge mlango jioni ndipo apate nafasi ya kupanga mali kwenye rafu. Mlango wa ubongo hufungwa na usingizi. Ukilala, hipokampasi hurudia ilichokipokea na kukihamishia taratibu kwenye tabaka la juu la ubongo, ambako hukaa muda mrefu.

Haya si maneno ya kuwabembeleza mkalale. Mwaka 1924 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Cornell, John Jenkins na Karl Dallenbach, waliwapa wanafunzi wawili orodha za silabi zisizo na maana wazikariri. Siku nyingine walizikariri usiku wakalala, siku nyingine walizikariri asubuhi wakaendelea na mambo yao. Muda ukiwa ule ule, walikumbuka zaidi sana pale walipolala. Miaka 70 baadaye, mwaka 1994, Matthew Wilson na Bruce McNaughton waliwatazama panya waliokuwa wakikimbia kwenye njia. Kila sehemu ya njia iliamsha seli zake ndani ya hipokampasi. Panya wakalala, na seli zile zile zilizowaka pamoja njiani zikawaka tena pamoja usingizini. Panya alikuwa anarudia safari yake akiwa amelala! Mimi hupenda sana habari hiyo ya panya, na nikipewa nafasi ningeisimulia kila jioni.

Basi mwanafunzi anayekesha usiku wa kuamkia mtihani anafanya nini? Anapokea mizigo mpaka asubuhi bila kufunga duka. Kisha anaingia chumba cha mtihani, anaona swali, anajua kabisa aliwahi kulisoma, na jibu haliji. Siwaambii msisome. Someni mapema, someni kidogo kidogo kwa siku nyingi, na baada ya kusoma laleni, maana kulala huko ndiko kunakomalizia kazi ya kusoma.

Kuna na jambo la moyo. Pale tunaposema moyo umechafuka, kwenye ubongo kuna sehemu mbili ndogo ziitwazo amigdala ambazo kazi yake ni kupiga king'ora penye hatari. Kwa kawaida sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, huzituliza: subiri, huyo hakukutukana, alikuwa anatania. Mwaka 2007 Matthew Walker na wenzake walitangaza matokeo ya kuwakeshesha vijana usiku mzima na kisha kuwaonyesha picha za kuudhi. Amigdala za waliokesha ziliitikia kwa nguvu zaidi kwa asilimia 60 kuliko za waliolala nyumbani kwao, na mawasiliano na ile sehemu ya kutuliza yalikuwa yamelegea. Kumbukeni Randy alivyokuwa mkali siku ya tatu. Kumbukeni na siku ambayo wewe uligombana na dadako kwa sababu ya kijiko. Mara nyingi ugomvi wa namna hiyo umeanzia usiku uliopita.

Sijasahau jinamizi. Wapo hapa waliowahi kukabwa nalo, ingawa hawatanyoosha mkono. Unaamka usiku, unaona chumba chako, unajua uko macho, lakini mkono hausogei, sauti haitoki, kifua kimebanwa, na unahisi mtu yupo pembeni ya kitanda. Watu wazima wengine watakuambia umekaliwa na jini au jirani amekutumia kitu. Mimi nawaambia hivi: tunapoota, ubongo hulegeza misuli ya mwili ili tusirushe ngumi na mateke tunayoyaota. Wakati mwingine akili huamka kabla ya misuli kufunguliwa, na vipande vya ndoto bado vinaelea mbele ya macho. Hilo ndilo jinamizi. Huisha lenyewe baada ya sekunde au dakika chache. Humtembelea zaidi mtu aliyechoka, anayelala saa za ovyo, na anayelala chali. Likikupata, usipambane nalo. Jaribu kutikisa kidole kimoja cha mguu na uhesabu pumzi zako. Na asubuhi mwambie mtu, kwa sababu hofu ya kukaa nayo peke yako huufanya usiku unaofuata uwe mrefu.

Mtaniuliza, tulale kiasi gani? Wataalamu wa usingizi wanashauri mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 hadi 12 kwa siku, na kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10. Sasa pigeni hesabu. Mtoto wa miaka 10 anayeamshwa saa 11 alfajiri ili awahi daladala, anatakiwa awe amelala saa 2 usiku. Kijana wa bweni anayeamshwa saa hiyo hiyo awe amelala saa 3, na pengine saa hiyo bado yuko darasani kwa masomo ya jioni. Hapo kosa si lenu, na nalisema hili mbele ya walimu na wazazi: ratiba hiyo tumewapangia sisi. Tena katika umri wa kubalehe saa ya ndani ya mwili husogea mbele, usingizi ukachelewa kuja, kwa hiyo kijana anayegaagaa kitandani saa 4 usiku hajawa mkaidi. Shule inayoweza kusogeza kengele ya asubuhi hata kwa nusu saa, naiomba isogeze.

Saa hiyo ya mwili ipo kweli, ni kifundo kidogo cha seli juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapokutana, na inaongozwa na mwanga. Giza likiingia, ubongo huanza kutoa homoni ya melatonini, inayouambia mwili kwamba ni usiku. Mwanga wa simu machoni huichelewesha. Ndiyo maana nawasihi simu ilale chumba kingine, au chini ya uangalizi wa mama, na asubuhi mtoke nje mapema jua liwapige usoni, kwa sababu mwanga wa asubuhi ndio unaoirekebisha saa hiyo kwa siku nzima. Nayo kahawa, na chai ya rangi pia, haiongezi nguvu yoyote. Siku nzima kemikali iitwayo adenosini hujikusanya kwenye ubongo na kukufanya usinzie. Kafeini huziba tu milango inayopokea ujumbe huo. Saa tano baada ya kunywa, karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini. Chai ya alasiri inatosha. Ya usiku iacheni.

Na msidhani watu wa zamani walilala tu kama magogo tangu magharibi hadi macheo. Kaskazini mwa Tanzania, karibu na Ziwa Eyasi, wapo Wahadza, ambao baadhi yao bado wanaishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Watafiti waliowachunguza waligundua kwamba hawalali jua likizama. Hukaa kando ya moto wakizungumza, na hulala saa tatu hivi baadaye. Mwaka 2017 David Samson na wenzake walitangaza jambo lililonifurahisha sana. Waliwavalisha watu wazima 33 vifaa vya kupima usingizi mkononi kwa siku 20. Katika siku zote hizo, muda ambao wote 33 walikuwa wamelala fofofo kwa pamoja ulikuwa dakika 18 tu! Kila wakati mmoja alikuwa amegeuka, mwingine anasinzia kidogo, mwingine ameamka kumnyonyesha mtoto. Wazee huamka mapema, vijana huchelewa kulala, na hivyo kambi haikosi mlinzi. Watafiti hao wanafikiri huenda binadamu tumeumbika hivyo kwa ajili ya usalama wa wote. Basi bibi akiamka saa 9 usiku akaanza kukohoa na kutembeatembea, mvumilieni. Na wewe ukiamka katikati ya usiku kwa muda mfupi, usiingiwe na hofu kwamba una ugonjwa. Geuka, tulia, usitazame saa.

Najua si kila nyumba ina chumba cha mtoto peke yake. Wengine mnalala wanne kwenye kitanda kimoja, jirani ana spika mlangoni, na kuna anayetakiwa kuamka kuchota maji. Fanyeni lile mnaloweza. Chandarua kikichomekwa vizuri huzuia malaria, na pia huondoa ile kero ya mbu sikioni inayokatiza usingizi. Saa ya kulala iwe moja kila siku, hata Jumamosi isipishane sana. Mchana kimbieni, chezeni mpira, rukeni kamba, maana mwili uliotumika hulala kwa hiari. Usingizi ukikataa kabisa, usigombane nao kitandani; amka ukae mahali penye mwanga hafifu mpaka usinzie. Kama ni mawazo ya kesho yanakuzunguka, yaandike kwenye daftari kabla ya kulala, moja moja, uyaache humo.

Lakini yapo mawazo yasiyoachika kwenye daftari. Kuna mtoto ambaye halali kwa sababu nyumbani kuna kelele za kupigana. Kuna anayeogopa mtu fulani. Kuna aliyefiwa, na kuna ambaye amehuzunika wiki baada ya wiki bila kujua sababu, chakula hakipandi, mchezo alioupenda haumpendezi tena, na usiku yuko macho au mchana kutwa anataka kulala tu. Usingizi na huzuni huvutana: kukosa usingizi huongeza huzuni, na huzuni hufukuza usingizi. Mtoto wa namna hiyo hajakosa imani wala hajarogwa, na kumwambia "jikaze" hakumsaidii. Ubongo wake unaumwa kama unavyoweza kuumwa mguu, na ugonjwa huo una matibabu yake na watu waliosomea kuutibu.

Ukiwa ni wewe, mtafute mtu mzima mmoja unayemwamini, mama, shangazi, mwalimu wa malezi, muuguzi wa kituo cha afya, umwambie kwa maneno mepesi tu: silali, na nina huzuni. Ukihisi huna hamu ya kuishi, usingoje kukuche. Mwamshe mtu usiku huo huo. Asiposikiliza wa kwanza, nenda kwa wa pili. Na kama nyumbani hakuna wa kumwambia, Tanzania, Kenya na Uganda zote zina namba ya simu ya kuwasaidia watoto, nayo ni moja: 116. Kupiga ni bure.